M-209: Barabara Fupi Iliyokwenda Gatini

Ndugu zangu, barabara ninayotaka kuizungumzia leo ni ya kama mita 700 tu. Ni M-209, katika jimbo la Michigan, Marekani. Ilichepuka kutoka M-109, barabara nyingine ya jimbo hilo, ikaingia kijiji cha Glen Haven, kando ya Ziwa Michigan, ikaishia hapo. Kwa miguu, kama dakika 10 tu umeimaliza. Ilikuwa fupi kuliko barabara kuu zote za jimbo lile, mpaka mwaka 1996 ilipovuliwa namba na kukabidhiwa kaunti ya Leelanau.

Wanaoitaja huutaja ufupi wake, basi. Mimi naona wanaionea, kwa sababu wanapima nchi kavu peke yake. Pale Glen Haven, safari iliendelea majini. Meli za mvuke za maziwa yale zilikula kuni nyingi ajabu, na hapo ndipo zilipokuja kupakia. Mwaka 1878 alifika wakala wa kampuni ya meli, David Henry Day. Mikononi mwake kijiji kikapata uhai: duka, mashamba ya cheri, na ghala lililogeuzwa kiwanda cha kusindika matunda. Magogo yakipasuliwa kando ya Glen Lake, ziwa dogo la jirani, na mbao zikiletwa gatini kwa kireli chembamba. Hebu fikirini harufu ya mahali pale: mbao mbichi, moshi wa meli, na msimu ukifika, cheri.

Baadaye misitu ikakatwa ikapungua, meli zikahamia makaa ya mawe, mizigo ikapanda malori. Mwaka 1970 eneo lile likawa hifadhi ya taifa, Sleeping Bear Dunes. Nyumba zikatunzwa, wenyeji wakaondoka. Jimbo likabaki na barabara kuu iendayo kwenye kijiji kisicho na wanakijiji.

Siwalaumu walioifuta, kutunza barabara ni fedha. Ila naumia kwamba namba ile ilikuwa kumbukumbu ya bandari. Natamani kibao kimoja cha M-209, ile almasi nyeupe yenye herufi M, kingesimamishwa pale karibu na kiwanda cha cheri, ambacho sasa kina maonyesho ya boti za kale. Mgeni akishakisoma, ashuke ufukweni hatua chache. Ataona vichwa vya nguzo za gati vimechomoza majini, vimepangana kuelekea ndani ya ziwa.