Punje Zilizotoka Kwenye Chujio

Asanteni. Naomba hii chupa ipite mkono kwa mkono, ila msiitikise kwanza. Humo mna Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Ukiinusa utaijua: ni ndugu wa mafuta ya taa ambayo wengi wetu tuliyasomea usiku. Chini kabisa mtaona utepe mwembamba unaong'aa. Hayo ni maji, nimeyatia mwenyewe asubuhi, kijiko kimoja. Maji ni mazito kuliko mafuta, hutuama chini, ndiyo maana matenki hutolewa maji kwa chini kabla ya kazi kuanza.

Sasa itikiseni. Mmeona? Yamekuwa ukungu. Maji ya namna hii hayatuami upesi, yanahitaji chujio.

Chujio lililozoeleka lina hatua mbili. Kwanza mafuta hupenya kwenye nyuzi za kioo, ambazo hunasa uchafu na kuvikutanisha vitone hadi viwe matone ya kuweza kushuka. Kisha huja wavu uliopakwa kitu kisichoshika maji: mafuta yanapita, tone linabaki nje. Adui wa chujio hili ni sabuni, kwa sababu inazuia vitone kuungana. Kwa hiyo yule kijana anayeipiga ndoo ya sampuli sabuni ya unga mpaka inang'aa, msimpongeze. (Kicheko.)

Aina ya pili ndiyo iliyonileta. Ndani yake mna punje za polima, jamaa ya zile zilizomo kwenye nepi za watoto. Zikikutana na maji huvimba na kuziba njia. Wazo zuri kabisa: maji yakija, mafuta yasimame.

Tarehe 13 Aprili 2010 ndege ya Cathay Pacific, Airbus A330, ilijaza mafuta Surabaya, Indonesia, kwenda Hong Kong. Ndani yake watu 322. Uwanjani hapo mtandao wa mabomba ya chini ya ardhi ulikuwa umetoka kurefushwa, na maji ya chumvi yalikuwa yameingia humo. Chumvi huiharibia polima kazi: haivimbi inavyotakiwa. Wakati wa kujaza, mpira wa mafuta ulitetemeka zaidi ya mara moja, wajazaji wakasimama, wakaendelea. Mimi nikifika hapo kwenye kisa hiki huwa nanyamaza kidogo. Chujio lilikuwa linasema, lakini kwa lugha ya mtetemo.

Punje zikaponyoka zikaingia kwenye matenki ya ndege. Ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini zilitosha kukwamisha vali zinazopima mafuta ya kila injini. Wakati wa kushuka, injini moja ilikwama kwenye nguvu kubwa, nyingine ikabaki karibu na nguvu ya chini kabisa, ya kuzunguka tu. Marubani wakasukuma na kuvuta vishikio vya nguvu, hakuna kilichobadilika. Walitua kwa kasi ya takriban noti 230, yaani kama kilomita 425 kwa saa, na wote wakatoka hai.

Uchunguzi uliozifungua injini ulikuta punje zile zile za chujio. Si mchanga, si kutu. Tangu hapo sekta imekuwa ikiachana na vichujio vya polima, ikirudi kwenye nyuzi na wavu au kutafuta vya aina nyingine.

Chupa imefika wapi? Iinueni kwenye taa. Ukungu bado upo, eeh? Basi tuanze maswali wakati tukiusubiri utulie.