Shujaa Aliyeuawa Kupisha Midoli Mipya

Asanteni kwa kunikaribisha. Mada niliyopewa ni historia ya vitu vya kuchezea, nami kwa ruhusa yenu nitaipunguza, maana nikianzia Misri ya kale tutakesha hapa. Nitachukua miaka kumi, 1977 hadi 1987, na nchi moja, Marekani. Humo ndimo hadithi na mdoli vilipobadilishana nafasi. Kabla ya hapo, mara nyingi mtoto alipenda hadithi kwanza, kisha akatafutiwa mdoli wake. Baadaye mdoli ukatangulia, hadithi ikatungwa iufuate.

Filamu ya Star Wars ilitoka Mei 1977. Haki ya kutengeneza midoli yake ilikuwa mikononi mwa Kenner, kampuni ya Cincinnati, lakini haikujiandaa kwa foleni zile za sinema. Kalibu za plastiki hazichongwi kwa wiki mbili. Krismasi ikakaribia, midoli hakuna. Bernard Loomis, aliyekuwa mkuu wa Kenner, akafanya jambo ambalo hata mchuuzi mzoefu wa Kariakoo angemvulia kofia: aliuza boksi lisilo na mdoli. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu yenye picha, stika, na cheti. Unakijaza cheti, unakituma kwa posta, na mwaka unaofuata mtoto analetewa midoli minne.

Msicheke upesi. Watu walinunua. Tayari mtoto yule alikuwa anaishi ndani ya hadithi, plastiki ingemkuta humo humo. Biashara nzima ya midoli ilisimama ikatazama lile boksi, ikajifunza.

Midoli yenyewe ilikuwa midogo, chini kidogo ya sentimita 10. G.I. Joe, mdoli wa mwanajeshi wa mwaka 1964, alikuwa na urefu wa kama sentimita 30, nguo zake zinavulika. Husimuliwa kwamba Loomis alitanua kidole gumba na cha shahada akauliza, je, wakiwa hivi? Udogo huo ulikuwa na hesabu ndani yake: mdoli mdogo unaingia ndani ya chombo cha angani ambacho mzazi anaweza kumudu, na ukiwa na chombo utataka rubani, na rubani atataka adui.

Sasa kuna kikwazo kimoja hapa, nacho ni sheria. Mwaka 1969 Mattel, kampuni ya vitu vya kuchezea, ilikuwa na katuni ya televisheni kuhusu vigari vyake vya kuchezea vya Hot Wheels. Mshindani wake akalalamika kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani kwamba kile si kipindi, ni tangazo la nusu saa. Tume ikakubaliana naye kwa kiasi cha kutosha kuwatia woga wenye vituo. Kwa miaka kama kumi na kitu, mlango ule ulibaki umerudishwa.

Aliyeufungua ni Mark Fowler, mwenyekiti wa tume hiyo enzi za Rais Reagan. Kwake televisheni ilikuwa kifaa cha nyumbani tu, kibaniko cha mkate chenye picha. Mwaka 1984 tume iliondoa mipaka ya muda wa matangazo. Katuni ya He-Man ilikuwa imeshaanza mwaka mmoja kabla, kutokana na midoli ya Mattel. Zilizofuata zilikuja kama mvua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Transformers. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa na maroboti yanayogeuka magari, na mengi kati yake yalikuwa mashine tu: yaliendeshwa na vijitu vidogo vilivyokaa ndani. Hasbro, kampuni ya midoli ya Marekani, ikanunua haki, ikawaomba waandishi wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, wayape uhai. Dennis O'Neil akatoa jina la Optimus Prime, kiongozi wa maroboti mema. Bob Budiansky akaandika tabia za roboti mmoja mmoja, nani mwoga, nani mjivuni, nani hasamehi. Plastiki ileile, lakini sasa ina nafsi. Mimi hapo siwezi kumdharau Budiansky. Alikuwa anaandika maelezo ya bidhaa, ila aliyaandika kama mtunzi.

Tena aliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi. Mwaka 1986 Hasbro ilitaka rafu za maduka zipishe midoli mipya, na ya 1984 iondoke. Katika filamu ya Transformers ya mwaka huo waandishi wakaambiwa wawaondoe wahusika wa zamani, na Optimus Prime akauawa mapema kabisa. Kwa watu wa mauzo lilikuwa suala la ghala. Kumbini watoto walilia kwa sauti, na barua za malalamiko zikaifikia kampuni. Mwaka 1987 Optimus Prime akafufuliwa kwenye televisheni.

Wakati huohuo filamu ya katuni ya G.I. Joe, naye mdoli wa Hasbro, ilikuwa jikoni, na humo kamanda Duke alikuwa anachomwa mkuki kifuani na kufa. Picha zilikuwa zimeshachorwa. Baada ya kilio cha Optimus Prime hawakuzichora upya, waliongeza sauti tu. Kwa hiyo ukiitazama leo unamwona Duke akifa mbele ya macho yako, huku mtu akitangaza kwamba amepoteza fahamu. Na karibu na mwisho, bila yeye kuonekana, sauti nyingine inasema ameshazinduka.