Ukizima Swichi Kuu, Waya wa Nguzoni Bado Una Moto

Wazee wangu, mafundi, kina mama wenye nyumba mnaotaka kukarabati, hili nimelisema mara nyingi na nitalirudia: ukizima swichi kuu hujakata stima ya nyumba. Umekata ya vyumbani tu. Waya unaotoka nguzoni, ukashika ukuta na kuingia kwenye mita, uko vilevile na volti zake 240. Na hapa Lamu waya huo umepigwa klipu kwenye ukuta uleule mnaotaka kuubandua plasta, au umepita karibu na boriti mnazotaka kubadilisha. Jua na chumvi vimeshaupasua ngozi. Mwashi anateremsha boriti ya mkandaa, ncha inakwaruza waya, ukuta una chokaa mbichi inayotiririka maji, naye yuko pekupeku. Swichi kuu itamfaa nini huyo?

Mtaniambia, "Mita yangu ni ya tokeni, nitaziacha ziishe." Zikiisha, mita hujifunga upande wa kwenda ndani. Upande wa nguzoni haujaguswa. Na kama mita yenyewe iko juu ya nguzo, nyumbani una kile kidude cha kubonyeza tu, basi ni kweli waya wa ndani utanyamaza. Mpaka lini? Mpaka mwenye nyumba aliyeko Mombasa atume tarakimu 20 za tokeni kwa simu na mtoto azibonyeze, huku fundi ameshika waya. Hiyo si kukata stima. Hiyo ni kubahatisha roho ya mtu.

Wala msimwite kijana wa mtaani avunje sili achomoe fyuzi ya mita. Sili ni ya kampuni, kuichezea ni kosa la sheria, na fyuzi ikichomolewa mzigo ukiwa umewaka hutoa cheche usoni.

Nendeni ofisi ya Kenya Power mapema, na kitambulisho na namba ya mita. Mpangaji aende na idhini ya mwenye nyumba. Andikeni tarehe za kazi na ukuta unaoguswa, kisha mtamke neno hili: tunataka waya ufunguliwe nguzoni, si kwenye mita. Waelezeni na njia, maana ngazi ndefu haipiti kila kichochoro.

Wakishakata, msiamini macho. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ajaribu kipimo chake kwanza kwenye stima ya jirani inayowaka, kisha apime waya moto na nyutro, waya moto na athi (waya wa ardhini), nyutro na athi, halafu arudi kwa jirani ahakikishe kipimo hakijafa. Testa ya bisibisi haitoshi. Juani taa yake haionekani.

Sola nayo: zimeni inveta, mfungue na betri. Waya wa kuazima kwa jirani uchomolewe. Jenereta ya mafundi ikae nje, isiungwe kabisa na nyaya za nyumba. Kurudishiwa stima, subirini plasta ikauke na fundi apime nyaya upya kabla ya kuwaita Kenya Power.