Flanja za Mixa: Sikiliza Haihati, Linda Besi

ZAINA: Hamjambo wote mnaotusikiliza, Kampala, Jinja, Arua, na ndugu zetu wa Bombo. Mimi ni Zaina, niko na Kaka Opio, na meza yetu leo imejaa mixa za kukodi, zile mashine za dijei za kuchanganya nyimbo. Tunalinganisha flanja zao, ile efekti inayofanya wimbo usikike kama ndege inapaa. Kaka, tuanze na sauti yenyewe.

OPIO: Asante, dada. Sikilizeni.

[Sauti: ngoma na haihati (matoazi ya ngoma), flanja inapanda, inafika juu, inashuka]

OPIO: Wengi wanaiita sauti ya ndege. Mixa inachukua wimbo, inautolea nakala, inaichelewesha ile nakala milisekunde chache tu, kisha inazichanganya zote mbili. Na kule kuchelewa hakukai mahali pamoja, kunaongezeka na kupungua muda wote.

ZAINA: Zikichanganyika, kuna masafa, yaani ngazi za sauti kutoka nzito hadi nyembamba, yanafutana, yanabaki mashimo.

OPIO: Mashimo yenye mpangilio. Nakala ikichelewa milisekunde 1, shimo la kwanza liko Hz 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, la pili 1,500, la tatu 2,500, hivyo hivyo kwenda juu. Ikichelewa milisekunde 5, yanaanzia Hz 100 na kusongamana kila baada ya Hz 200. Kwa hiyo muda ukipungua, mashimo yote yanakimbilia juu kwa pamoja. Huko ndiko kupaa kwa ndege.

ZAINA: Na feiza, ile efekti inayofanana nayo?

OPIO: Feiza ina mashimo machache na hayafuati hesabu hiyo, ndiyo maana ni laini zaidi. Sitaikalia leo.

ZAINA: Mimi nina kidogo cha historia, kwa sababu kinahusu mixa hizi. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mashine mbili za tepu zinazocheza wimbo mmoja. Ilisikika kwenye rekodi ya Toni Fisher wa Marekani mwaka 1959, na mwaka 1966 fundi Ken Townsend, pale studio za EMI za Abbey Road, London, alibuni namna ya kurudufu sauti ya mwimbaji kwa tepu. Ukiigusa tepu moja kwa kidole ikapunguza mwendo, inabaki nyuma. Ukiigusa ile nyingine, ya kwanza inaipita mwenzake. Pale zinapopishana, sauti inafungua yote halafu inageuka. Mixa nyingi za madijei hazifanyi hivyo, maana nakala haiwezi kumtangulia mama yake.

OPIO: Kweli kabisa. Labda wimbo wenyewe nao ucheleweshwe kidogo. Programu chache za studio zinafanya hivyo.

ZAINA: Sasa tulinganishe. Umetumia kipimo gani?

OPIO: Vitu vitatu kwa kila mixa. Kwanza redio ya FM iliyowekwa mahali pasipo na stesheni, ile shhhh. Pili, haihati na ngoma. Tatu, besi peke yake.

ZAINA: Kwa nini redio?

OPIO: Kwa sababu shhhh ina masafa yote. Flanja haina cha kukata kama sauti haina masafa mengi. Ukiiweka kwenye besi nzito isiyo na kitu juu yake, utazungusha nobu hadi uchoke na ukumbi hautasikia tofauti. Ukiiweka kwenye shhhh, unasikia waziwazi inaanzia wapi na inafika wapi. Hii ni DJM-900NXS2 ya Pioneer, iliyotoka 2016.

[Sauti: shhhh, flanja inapita kwa upana, kutoka chini hadi juu kabisa]

ZAINA: Pana, safi. Ina ule mlio wa chuma kidogo.

OPIO: Mlio wa chuma unatoka kwenye fidibaki. Sauti iliyokwisha kutoka inarudishwa ndani tena, kwa hiyo pale mashimo yanapoishia sauti inachongoka. Fidibaki ikizidi, unasikia bomba. Hiki ndicho kitu cha kwanza kinachotofautisha flanja ya mixa hii na ile, na mara nyingi kampuni imekwisha kukuamulia, hupati nobu yake.

ZAINA: Na huyu mzee pembeni?

OPIO: DJM-600. Hii ilipendwa sana, na mpaka leo kuna madijei wa rika letu hawataki kuiachia. Sikiliza shhhh ileile.

[Sauti: shhhh, flanja nzito zaidi, yenye chenga]

ZAINA: Hii ina ukali. Naipenda kwa muziki wa hausi. Kwa nyimbo za sherehe sitaki.

OPIO: Sababu?

ZAINA: Kazi zangu nyingi ni kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, na harusi. Ukicheza kadongo kamu, nyimbo za Kiganda za gitaa na visa, wazee wamekaa wanafuata maneno, kisa kinasimuliwa. Ukipitisha flanja juu ya sauti ya mwimbaji, umewanyang'anya kisa. Pale nangoja gitaa likae peke yake, au sehemu ya ngoma tupu, naipitisha mara moja, natoka.

OPIO: Na 900NXS2 inakusaidia hapo, kwa sababu ina vitufe vitatu vya kuchagua efekti iguse masafa gani: besi, kati, au juu. Zima besi. Tusikilize kwanza ikiwa imewashwa, kisha imezimwa.

[Sauti: besi na ngoma, besi inayumba, kisha inatulia huku haihati zikiendelea kupaa]

ZAINA: Umesikia? Mara ya kwanza besi ilikuwa inakuja na kuondoka. Ukumbi mzima wa Kabalagala unacheza kwa besi. Ikiyumba, miguu inasita.

OPIO: Hapo nieleze, maana wengi wanalaumu spika. Nakala ikijumlishwa kama ilivyo, milisekunde 1, besi ya Hz 60 inakaribia kuongezeka maradufu. Ikijumlishwa ikiwa imegeuzwa, wimbi lake la juu likawa chini, shimo la kwanza linakaa chini kabisa, kwenye sifuri, na besi ileile inabaki chini ya nusu ya ilivyokuwa. Kwa hiyo kuna flanja inayovimbisha besi na kuna inayoila. Kwa sikio tu, cheza besi peke yake, washa flanja, utajua uko na ipi.

ZAINA: Mixa ya Xone:92 ya Allen & Heath haina flanja ndani.

OPIO: Haina. Ina filta zake, nzuri mno, lakini flanja unaleta boksi la nje na kulipelekea sauti kwa njia ya ziada. Na hapa naomba wasikilizaji wangu wanielewe vizuri. Mixa inaendelea kutoa wimbo mkavu, yaani usio na efekti, na boksi linarudisha nakala. Kama boksi lako ni la kidijitali, nalo lina kuchelewa kwake mwenyewe, tuseme milisekunde 2. Basi nakala haiwezi tena kuchelewa chini ya 2, na shimo la kwanza haliwezi kupanda zaidi ya Hz 250. Ndege haipai! Inanguruma chini tu.

ZAINA: Kumbe ndiyo sauti ile tunayoisikia kwenye kumbi fulani, inajikokota.

OPIO: Ndiyo. Dawa yake ni kuliweka boksi katikati ya mixa na amplifaya, wimbo wote upite ndani yake, mkavu na nakala vichanganywe humohumo, na nobu ya mchanganyiko ikae nusu kwa nusu. Mashimo yanakuwa marefu zaidi pale mkavu na nakala wanapolingana nguvu. Ukijaza mpaka mwisho kwenye boksi linaloondoa mkavu kabisa, hupati flanja tena, unapata sauti inayoyumba tuni.

ZAINA: DB4 ya kampuni hiyohiyo?

OPIO: Hiyo ni habari nyingine. Kila chaneli ina efekti yake, kwa hiyo unaweza kuupa wimbo unaoingia flanja, na wimbo unaotoka ukaendelea mkavu. Kwa mchanganyiko mrefu, kwangu hiyo ndiyo raha kuliko zote hapa mezani.

ZAINA: Mimi bado nachukua 900, kwa sababu ya saa yake. Flanja inafuata biti za wimbo. Kwa BPM 120, yaani biti 120 kwa dakika, ukiweka biti 16, mzunguko mmoja unachukua sekunde 8, unaisha pale kifungu kinapoisha. Wengi wanaacha biti 1 au 2, inakuwa kelele tu.

OPIO: Nakubali. Ila kwa rekodi za zamani, bendi iliyocheza bila mashine, mwendo unapanda na kushuka na kihesabu cha biti kinapotea. Gonga kitufe cha TAP mwenyewe kwa kufuata biti, au weka muda kwa mkono.

ZAINA: Jambo moja kabla ya swali. Kumbi zetu nyingi spika zote zinatoa sauti moja, hakuna kushoto na kulia. Flanja zingine zinapeleka kushoto tofauti na kulia ili zionekane pana kwenye hedifoni. Zikijumlishwa kuwa moja, mashimo ya huku yanazibwa na ya kule, na efekti inafifia. Kwenye 900 kuna swichi ya mono. Iwashe ukiwa nyumbani usikie wateja watasikia nini.

OPIO: Swali lenyewe limetoka kwa kijana wa Arua, ana kompyuta yenye Virtual DJ, programu ya kuchezea nyimbo, na kontrola ndogo ya kuiendeshea. Anauliza kama aweke akiba anunue mixa kubwa kwa ajili ya flanja.

ZAINA: Kwa ajili ya flanja peke yake, hapana, mdogo wangu. Virtual DJ ina flanja yake. Ipime kwa shhhh, ipime kwa besi, iweke kwenye mono. Ikila besi, itumie pale tu besi imekwisha kutoka kwenye wimbo, na uizime biti moja kabla haijarudi.

OPIO: Na hela hiyo nunua spika ya besi.