Ramani ya Kolesteroli: Kwanza Tuulize Nani Alipimwa

Mabibi na mabwana, ndugu wahudumu wa afya, asanteni kwa kunikaribisha.

Ramani hii ya kolesteroli iliyo ukutani nimeibuni kwa ajili ya mazungumzo yetu; kadiri rangi inavyokolea, ndivyo walivyopatikana wengi wenye kolesteroli ya juu. Mtaa mmoja ni mwekundu sana, mitano ina rangi ya chungwa, na ule wa pembeni ni mweupe. Nikiwauliza timu ya upimaji iende wapi kesho, naona wengi wenu mnanyoosha kidole kwenye wekundu. Mimi ningeipeleka kwenye mweupe. Weupe ule haumaanishi kwamba watu wake ni wazima. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupimwa, basi.

Kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu, haiumi. Homa humpeleka mtu kituoni mwenyewe, lakini kolesteroli inaweza kukaa juu miaka na mikaka huku mwenyewe akichapa kazi, hadi mshipa wa moyo au wa ubongo uzibe. Daktari John Snow alipochora ramani ya kipindupindu jijini London mwaka 1854, alihesabu vifo, na vifo havikuhitaji kipimo ili vionekane. Sisi tunahesabu kitu kinachoonekana kwenye damu tu. Kwa hiyo ramani yetu, tupende tusipende, inachora mambo mawili kwa mpigo: nani ana kolesteroli nyingi, na nani alifikiwa na kipimo. Marekani, kwenye mradi wa PLACES wa kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wameyatenganisha hayo. Kuna kadirio la watu wazima waliopimwa, na kuna kadirio la wenye kolesteroli ya juu miongoni mwa hao waliopimwa. Hata hivyo makadirio yenyewe hutokana na watu kuulizwa kwa simu, kisha hesabu za kitakwimu hujazia maeneo madogo. Hakuna damu iliyochukuliwa.

Halafu, "juu" ni ipi? Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu kwenye jumla ya milimoli 5 kwa lita. Madaktari wa Marekani wamezoea kuita juu kuanzia miligramu 240 kwa desilita, yaani kama milimoli 6.2. Chukua majibu yaleyale, badilisha mpaka huo, na nusu ya wekundu wako unaweza kupotea mchana kweupe.

Na mtu anayekunywa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, ambaye leo amepima akapata 4.2, mnamweka wapi? Hapa nawaomba tutulie kidogo. Ukihesabu kwa kipimo cha leo peke yake, mtaa wenye kliniki nzuri utaonekana wenye afya, kwa sababu wagonjwa wake wanatibiwa. Ukihesabu kwa kuuliza "umewahi kuambiwa una kolesteroli?", mtaa uleule utaonekana mgonjwa kuliko yote, kwa sababu wagonjwa wake wamegunduliwa. Kliniki ni ileile, watu ni walewale. Mimi huhesabu wote wawili, mwenye kipimo cha juu na aliye kwenye dawa, na huandika hivyo chini ya ramani kwa herufi zinazosomeka.

Sasa turudi kwenye ule mtaa mwekundu. Tuseme walipimwa watu 20, wakapatikana 9 wenye kolesteroli ya juu. Hiyo ni asilimia 45, inatisha. Mtaa wa jirani walipimwa 400, wakapatikana 120, asilimia 30. Lakini kwa watu 20, hata kama walichaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 26 na 66 hivi. Kwa wale 400, ni kati ya 26 na 35. Inawezekana kabisa mitaa hiyo inalingana. Sehemu zenye watu wachache ndizo hushika mkia na ndizo huongoza, na mara nyingi ni bahati tu ya hesabu.

Umri nao usisahaulike. Tuseme kila mahali vijana wenye kolesteroli ya juu ni asilimia 10 na wazee ni asilimia 40. Mtaa ambao wanane kati ya kumi ni vijana utatoa asilimia 16. Ambao wanane kati ya kumi ni wazee utatoa 34. Ramani itapiga kelele kwamba huku kuna tatizo mara mbili, kumbe tofauti ni miaka ya kuzaliwa. Kama swali lenu ni dawa zipelekwe wapi, acheni namba ilivyo, maana wazee hao wapo na wanazihitaji. Kama swali ni nini kinachosababisha, linganisheni rika kwa rika.

Jambo moja kuhusu vidoti, zile alama za kuonyesha mgonjwa mmoja mmoja kwenye ramani. Kuna kolesteroli ya juu ya kurithi, inayompata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300, nayo huenda na familia. Ukiweka kidoti juu ya kila nyumba, umeshamtaja mgonjwa na watoto wake bila kuandika jina. Jumlisheni kwa mtaa, na palipo na wagonjwa wachache mno ficheni hiyo namba. Familia hiyo ifuatwe nyumbani kwake, ndugu wapimwe, na karatasi zao zibaki kwenye jalada la kliniki.

Haya, nani ana swali?