Maneno mafupi ya Kiingereza ndo yenye kazi kubwa

Asanteni kwa kuja. Kila nikikaa na watu wanaojifunza Kiingereza naskia kilio kilekile, kwamba maneno marefu yanawatisha, yale ya kisayansi, ya mahakamani, ya hospitali. Mimi nawaambia yale marefu wala hayana shida, "photosynthesis" ukishalijua umelijua, lina maana moja basi, utalikuta hivyohivyo darasani na kwenye gazeti. Linalokusumbua ni lile la herufi tatu ulilofundishwa wiki ya kwanza ukadhani umeshamalizana nalo.

Chukua "run". Wote tuliambiwa ni kukimbia, sawa. Sasa ile kamusi kubwa ya Oxford, OED, mhariri wake mmoja anaitwa Peter Gilliver alikaa na kitenzi hiki miezi tisa akikipanga upya, na mwaka 2011 ikajulikana kimefikisha maana 645. Kitenzi kimoja! Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo kwenye toleo la 1989 lilikuwa na maana kama 430 hivi.

Mtu akisikia 645 anakata tamaa, ila hebu tuifuate taratibu. Mtu anakimbia, yaani anasogea bila kusimama. Maji ya mto nayo yanasogea bila kusimama, basi mto nao "runs", sisi tungesema unatiririka. Mashine ikiwa inafanya kazi nayo imo humohumo, haijasimama. Alafu yule anayeifanya mashine iende nae akaingizwa, ndo maana unaweza "run" mashine, na ukishaweza mashine unaweza na kampuni, hapo sasa maana yake kuendesha, kusimamia, na miguu haipo tena kwenye picha. Anayegombea urais Marekani "runs", kwasababu uchaguzi wameuona kama mbio, lakini vuka bahari uende Uingereza, mgombea yuleyule "stands", anasimama! Kwahiyo zile maana 645 ni ukoo, kila moja ina mzazi wake, na ukimjua mzazi mtoto hakupi tabu sana.

Na kwanini iwe maneno mafupi haya haya? Mmarekani mmoja George Zipf alionyesha mwaka 1945 kwamba neno linavyozidi kutumika ndivyo maana zake zinavyoongezeka. Linalokaa mdomoni kila siku ndilo watu wanalolivuta likidhi haja mpya. Sisi wenyewe si tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mbizi, na hakuna aliyepigwa hapo. Mgeni anayejifunza Kiswahili "piga" inamtoa jasho kama "run" inavyokutoa wewe, sema wewe hujawahi kuiona kama shida kwasababu umezaliwa nayo.

Sio zote ni ukoo lakini. "Bat" ni popo, na "bat" ni lile gongo la kriketi, hawa hawahusiani kabisa, yule popo zamani aliitwa "bakke" sauti ikabadilika taratibu mpaka wakagongana. Hapo usitafute uhusiano, meza tu kama maneno mawili.

Kuna kitu kingine nataka walimu mnisikilize vizuri. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake rahisi, kinaitwa Basic English, maneno 850 tu, vitenzi vichache mno, "put", "get", "take" na wenzao. Nia yake ilikuwa nzuri na mimi namheshimu. Ila angalia "put" inavyobeba: ukiweka "off" mbele yake ni kuahirisha, ukiweka "out" ni kuzima moto, ukiweka "up with" ni kuvumilia. Mwanafunzi anahesabu amejifunza maneno manne matano, kumbe amebebeshwa mzigo ambao haumo kwenye ile hesabu ya 850. Kupunguza maneno hakupunguzi maana, maana zinahamia kwenye yale yaliyobaki.

Na wenye lugha wenyewe wanaumia. Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, amesimulia jinsi kwenye vita vya pili vya dunia maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana muda mrefu, tena kwa ukali, kuhusu ku-"table" karatasi moja. Kwa Mwingereza hiyo ni kuileta mezani ijadiliwe sasa hivi, kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Wote walikuwa wanataka kitu kilekile!

Sasa mbona kwenye mazungumzo ya kawaida hatukwami? Mwaka 1979 mtafiti David Swinney aliwasikilizisha watu sentensi zenye neno "bugs", ambalo ni wadudu na pia ni vile vinasa sauti vya kijasusi. Sentensi ilishataja buibui na mende, yaani muktadha uko wazi kabisa, lakini palepale neno lilipotajwa akili za watu zilikuwa zimeamsha maana zote mbili, wadudu na ujasusi, na baada ya silabi chache tu ndo ikabaki ile ya wadudu. Mimi hili linanigusa sana. Kumbe kichwa kinafungua milango yote kwanza alafu kinafunga isiyohusika, na kazi hiyo inafanyika haraka hata mwenyewe hujui. Anayejifunza lugha anahitaji mazoezi ya huko kufunga, na orodha ya maneno na tafsiri moja moja haimpi mazoezi hayo, sentensi nzima ndo inampa.

Jambo la mwisho, kamusi. OED inapanga maana kwa historia, ya kale kabisa inatangulia, hata kama leo hakuna anayeitumia. Kamusi za wanafunzi nyingi zinatanguliza ile inayotumika sana. Kwahiyo ukifungua kamusi soma utangulizi ujue imepangwaje, usichukue namba moja ukaondoka, shuka chini ukiwa umeshika sentensi yako mkononi mpaka ufike maana inayokaa pale. Haya, maswali, tuanze na dada pale nyuma.