Kunena kwa Lugha: Maneno Haya Anaambiwa Nani?

Bwana asifiwe, wapendwa. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kuja mkiwa wa madhehebu mbalimbali, maana mada hii ya kunena kwa lugha, yaani mtu kutamka katika maombi maneno ambayo hakujifunza, imewatenganisha watu waliokuwa wakila meza moja.

Nianze na chumba kidogo cha maombi na kijana wa miaka 16. Kijana huyo ni mimi. Tulikuwa saba, tumepiga magoti sakafuni, na mzee mmoja anapita nyuma yetu akituwekea mikono mmoja mmoja. Wenzangu sita walikuwa wameshapokea Roho Mtakatifu na kunena kwa lugha. Mimi bado. Akaniinamia sikioni, akaniambia, "Fungua kinywa. Taja jina la Yesu harakaharaka, usinyamaze, ulimi utafuata wenyewe." Nikataja. Mate yakanikauka, taya zikaanza kuniuma, na baada ya muda mrefu jina lile likavunjikavunjika mdomoni mwangu, likabaki silabi tupu. Chumba kizima kikapiga makofi: "Amepokea!" Usiku ule nililia, kwa sababu nilijua nilichofanya. Nikakaa nalo miaka minne bila kumwambia mtu, maana jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari la waliojazwa.

Mzee yule alinipenda. Alinifanyia kama yeye alivyofanyiwa. Ila tangu siku hiyo nimebeba swali moja, na ndilo nililokuja nalo leo: mtu anenapo kwa lugha, anamwambia nani? Tunabishana sana kama karama hii ipo au imekoma, kama ni ya kweli au ya kuiga. Nadhani tungebishana kwa upole zaidi kama tungetangulia kuuliza maneno yale yanaelekezwa wapi.

Kwanza neno lenyewe. Kiyunani kina neno moja, glossa, kwa ulimi wa kinywani na kwa lugha ya watu. Sisi tumeyatenga. Ndiyo maana katika Matendo 2 Biblia yetu inasema ndimi kama za moto ziliwakalia wanafunzi, kisha mstari unaofuata wanasema kwa lugha nyingine. Msomaji wa Kiyunani anasikia neno lile lile mara mbili: ulimi wa moto unashuka, ulimi wa mtu unafunguka. Sisi mwangwi huo umetupotea.

Sasa tazameni siku ya Pentekoste yenyewe. Wengi tumefundishwa kwamba lugha zilitolewa ili Injili ihubiriwe kwa mataifa. Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Misri, wa Libya, wa Rumi, Wakrete na Waarabu, kila mmoja anasikia lugha ya kwao. Lakini wanasikia nini? Mstari wa 11 unajibu: wanasikia "matendo makuu ya Mungu." Ni sifa. Mkutano unashangaa, wengine wanadhihaki wakisema hawa wamelewa mvinyo, na hakuna hata mmoja anayeelezwa kwamba ametubu kwa kusikia zile lugha. Ndipo Petro anasimama, anahubiri, na watu wote wanamwelewa kwa hotuba moja. Watu kama 3,000 waliongezeka kwa mahubiri yale. Lugha zilimsifu Mungu, watu wakasikia kwa pembeni. Mahubiri yakafanywa na mtu aliyesema nao ana kwa ana.

Jambo hili liliwahi kupimwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1901, katika shule ya Biblia ya Charles Parham huko Topeka, Kansas, mwanafunzi Agnes Ozman aliwekewa mikono siku ya kwanza ya mwaka, akanena. Waliokuwapo wakasema ni Kichina. Parham akaamini kwamba wamisionari hawatahitaji tena kusoma lugha, Roho atawapa. Miaka mitano baadaye, moto wa uamsho ukiwa umewaka katika mtaa wa Azusa, Los Angeles, mchungaji A. G. Garr na mkewe Lillian waliondoka kwenda India wakiamini Garr amepewa Kibengali. Walipofika Calcutta, hakuna aliyemwelewa.

Nataka mkae kidogo na mtu huyu. Ameacha kila kitu, amevuka bahari, anasimama mbele ya watu, anafungua kinywa, na nyuso zile hazibadiliki. Angeweza kuitupa imani. Angeweza kusema watu wale wana mioyo migumu. Hakufanya hivyo. Alikwenda hadi Hong Kong, akahubiri kupitia mkalimani, na akaendelea kunena kwa lugha katika maombi yake. Wapentekoste wengine nao wakajifunza kwa njia hiyo hiyo ngumu, wakaanza kujifunza lugha za watu kama wamisionari wengine wote. Mimi namheshimu sana Garr. Alikosea kuhusu kazi ya karama, akakubali kusahihishwa na hali halisi, na karama yenyewe hakuitupa.

Kutoka kwa Parham tulirithi pia fundisho la pili, lile lililonipigisha magoti nikiwa na miaka 16: kwamba kunena kwa lugha ndiyo dalili ya kwanza ya mtu kubatizwa kwa Roho Mtakatifu. Makanisa ya Assemblies of God yaliliweka katika tamko lao la imani la mwaka 1916. Miaka miwili baadaye F. F. Bosworth, mhubiri wao mashuhuri ambaye mwenyewe alinena kwa lugha, alijiuzulu kwa kuwa hakukubali kwamba lazima iwe dalili kwa kila mtu.

Wanaolishika fundisho hili hawakulitunga hewani, na tuwasikilize kwa haki. Wanasoma Matendo wanaona mtindo. Pentekoste, lugha. Nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, lugha. Efeso, wale wanaume wapata kumi na wawili, lugha na unabii. Samaria, sura ya 8, haitaji lugha, lakini Simoni mchawi aliona kitu hata akataka kukinunua kwa fedha. Ni hoja nzito. Dhidi yake linasimama swali la Paulo katika 1 Wakorintho 12:30, "wote wanena kwa lugha?", ambalo katika Kiyunani limeulizwa kwa namna inayotarajia jibu la hapana. Wenzetu hujibu kwamba hapo Paulo anazungumzia huduma ndani ya ibada, si dalili ya kwanza. Hapo ndipo mabishano huganda.

Mimi sura ya 10 ya Matendo ndiyo iliyonifungua macho. Ile dalili nyumbani kwa Kornelio, ilikuwa ya nani? Kornelio hakuihitaji. Waliostaajabu ni Wayahudi walioamini, waliokuja na Petro, ambao hawakutarajia Mataifa wapewe kipawa kile. "Maana waliwasikia wakisema kwa lugha, na kumwadhimisha Mungu." Angalieni tena: wanamwadhimisha Mungu. Ndipo Petro anauliza ni nani awezaye kuwakatalia maji ya ubatizo. Dalili ile iliwafungulia mlango watu waliokuwa wamefungiwa nje. Nasi tumeichukua dalili ile ile, tukaisimamisha mlangoni kama mlinzi, tunawauliza watoto wetu, "Wewe umeshapokea?"

William Seymour alijua maana ya kufungiwa nje. Alikuwa mtoto wa watu waliokuwa watumwa, na Parham alipofundisha Houston, sheria za ubaguzi hazikumruhusu kukaa darasani na wazungu. Alisikiliza akiwa nje ya mlango. Mwaka 1906 huyo wa nje ya mlango ndiye aliyeongoza uamsho wa Azusa, weusi na weupe wakiomba pamoja katika jengo lililokuwa duni kabisa. Parham alikuja kuutembelea mwaka ule ule, akachukizwa na alichokiona, kuchanganyika kwa rangi kukiwamo, akaulaani. Parham alinena kwa lugha, na ndiye aliyefundisha kwamba lugha ni dalili. Sishangai kwamba Seymour, baada ya kuyapitia hayo, alifikia kufundisha kwamba alama ya kweli ya Roho ni upendo, na kwamba lugha peke yake haitoshi kumthibitisha mtu.

Upande wa pili wako ndugu zetu wanaosema lugha zilikoma. Hawa nao wana wazee wao. Yohana Krisostomo, katika karne ya 4, akihubiri juu ya Wakorintho, alikiri kwamba sehemu hii haieleweki vizuri kwa kuwa mambo yale hayatokei tena. Agostino alisema ilikuwa ishara ya wakati wake, nayo ikapita. Mwaka 1918 mwanateolojia wa Marekani B. B. Warfield aliandika kwa nguvu kwamba miujiza ilikuwa muhuri wa mitume, na mitume walipoondoka muhuri ukaondoka nao. Andiko wanalolitaja mara nyingi ni 1 Wakorintho 13: "zikiwapo lugha, zitakoma." Sawa, zitakoma. Lakini lini? Paulo anasema ijapo ile iliyo kamili, na maneno yafuatayo ni "wakati ule uso kwa uso." Sijamwona bado uso kwa uso. Kwa hiyo siwezi kuwakubalia hapo, ingawa tahadhari yao dhidi ya udanganyifu naihitaji, na ningeihitaji zaidi nikiwa na miaka 16.

Ila tahadhari nayo ikizidi huingia vyumbani mwa watu. Mwaka 2005 bodi ya umisionari ya Wabaptisti wa Kusini nchini Marekani iliweka kanuni ya kuwazuia waombaji kazi wanaonena kwa lugha hata katika maombi yao ya faragha. Ilichukua miaka kumi kuiondoa. Mtu alikuwa tayari kwenda kokote kuhubiri, akazuiwa kwa jinsi anavyoomba akiwa peke yake, hali Paulo ameandika waziwazi: "wala msizuie kunena kwa lugha."

Sasa tufike Korintho, kwenye sura ya 14 ya 1 Wakorintho. Mstari wa 2: "Maana yeye anenaye kwa lugha, hasemi na watu, bali husema na Mungu." Hili ndilo jibu la swali langu, na linakubaliana na Pentekoste na nyumba ya Kornelio. Mstari wa 14 unaongeza kwamba roho huomba lakini akili hazina matunda. Mtaalamu wa lugha William Samarin alichapisha mwaka 1972 utafiti wake wa miaka mingi, akasema sauti zile hazina muundo wa lugha ya wanadamu. Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake walipima ubongo wa wanawake watano wakinena, wakaona shughuli ya sehemu ya mbele, inayohusika na kujitawala kwa makusudi, imepungua. Wapo wanaozichukua habari hizi kuwa pigo. Mimi nikizisoma nakumbuka mstari wa 14. Vipimo havisemi Mungu alikuwapo au hakuwapo, lakini Paulo hakutuahidi kwamba akili itashika usukani.

Mstari mgumu ni wa 22, unaosema lugha ni ishara kwa wasioamini, kisha wa 23 unasema asiyeamini akiingia akasikia wote wananena ataona mna wazimu. Paulo amejipinga? Soma mstari wa 21. Amenukuu Isaya 28, ambapo Mungu anawaambia watu waliokataa neno la wazi kwamba atasema nao kwa midomo ya wageni, yaani Waashuri. Ishara ile ni ya hukumu. Lugha isiyoeleweka humwacha mtu nje, kama mgeni. Kwa hiyo Paulo anawauliza Wakorintho, kwa maneno yangu, mbona mnawafanyia wageni wenu hivyo? Ndipo anaweka utaratibu: wawili, au wakizidi watatu, zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, mtu "aseme na nafsi yake tena na Mungu."

Nimalizie nilikoanzia. Miaka mingi baada ya chumba kile, baba yangu aliugua, na usiku mmoja nilikuwa peke yangu kando ya kitanda chake. Niliomba hadi nikaishiwa maneno. Nikanyamaza. Kisha kikaanza kunitoka kitu ambacho hakikuwa Kiswahili, polepole, bila mtu kunisukuma mgongoni, bila makofi. Nilidhani amelala. Akageuza kichwa, akauliza, "Unazungumza na nani?"

Nikamwambia, "Naomba, baba."

Akafumba macho. "Endelea," akasema.